Wanaogonga Chini ya Barafu

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Jua la Februari lilikaa juu ya ziwa bila joto lolote, mbwa wa kijijini walibweka wakachoka, na Alphonsine Daigneault alikuwa akimtania shemeji yake.

"Vuta kamba, Modeste. Marehemu kaka yako saa hizi angeshamaliza, ameshakula mkate wake wa galeti na amelala."

"Kaka alikuwa na mke wa kumsaidia. Mimi nina wewe."

Walitega nyavu kama Wametis wote, wenyeji wa ziwa lile. Ubao wenye kamba ya wavu huingizwa chini ya barafu kupitia tundu. Mtu akivuta kamba, mkono wa chuma wa ubao unang'ata barafu kwa chini na kuusukuma mbele. Kila ukisogea, unagonga. Anayetembea juu hauoni, kwa sababu theluji imefunika kila kitu. Anaufuata kwa sikio, na mlio ukikoma anapiga kisigino: hapa, tundu la pili lichimbwe hapa. Sikio la Alphonsine lilisifiwa ghuba nzima.

Modeste akavuta. Ko. Alphonsine akaanza kutembea.

Ko. Ko. Mlio ukapinda kushoto. Mbao hupinda wakati mwingine, kwa hiyo aliufuata tu, mawazo yake yakiwa kwa Delima kama kila siku. Miaka mingi iliyopita binti yake alikufa kwa surua akiwa na miaka sita, akazikwa makaburi ya ufukweni. Kisha ikaja kampuni ya bwawa la umeme. Maji yatapanda, walisema, lakini msiwe na wasiwasi, wafu wenu tutawahamishia kilimani. Walisubiri wanaume waende msituni kutega wanyama, wakaifanya kazi hiyo kwa alasiri moja. Makaburi ya vizazi vitatu, udongo umeganda kama chuma, na kazi ikaisha kabla ya chai ya jioni. Alphonsine aliwaona wakirudi. Makoleo yao yalikuwa yanang'aa, hayana hata chembe ya udongo.

Aliuliza. Akajibiwa polepole, kama anavyosemeshwa mtoto, kwamba huzuni inamchanganya. Tangu hapo kila Jumapili alipanda kilimani kupiga magoti mbele ya msalaba wa Delima, asijue kama anamwombea mwanawe au anauombea udongo. Hakuwa na haja nyingine duniani. Alitaka tu kujua mtoto wake yuko wapi, ili siku yake ikifika alazwe ubavuni kwake.

Ko. Kimya.

Alipiga kisigino.

Ko. Chini ya unyayo wake hasa.

"Umefika," alisema, akageuka.

Modeste alikuwa anakuja mbio kutoka kule kwenye tundu la kwanza. Kwapani alikuwa amebeba kitu kinachochuruzika maji. Ubao.

"Shemeji, unakwenda wapi? Mkono wa ubao umekatika mvuto wa kwanza. Nimekuita mpaka koo limekauka."

Ko.

Modeste alitazama chini. Kisha akatazama ncha ya kisiwa, na kilima, na umbali uliopo katikati. Uso wake ukabadilika.

"Unajua tumesimama wapi?" Alphonsine alinong'ona.

"Najua. Juu ya makaburi ya zamani. Ndiyo maana nasema twende."

Alphonsine hakwenda. Alipiga magoti. Akafuta theluji kwa mikono. Akaweka sikio.

"Delima," alisema. "Uko peke yako, mwanangu?"

Ko. Kushoto kwake.

Ko. Nyuma ya Modeste.

Kisha kila mahali. Milio mizito ya wazee. Milio myepesi ya wachanga. Ghuba nzima.

Modeste alidondosha ubao. Alphonsine alibaki pale pale, analia bila sauti, shavu likigandia kwenye barafu.

Kesho yake watu wote wa kijiji walikuja mchana na misumeno ya barafu. Hakuna aliyependekeza kuiita kampuni. Ingekuja kuwaambia nini? Chini palikuwa kimya. Wanaume walikata pande la barafu pale Alphonsine alipolaza sikio, wakalivuta kwa kulabu, wakaligeuza.

Upande uliokuwa ukitazama maji ulikuwa na alama ya kiganja, imezama ndani kama iliyobonyezwa kwenye unga uliokandwa.

"Ni mwanao," Modeste alinong'ona, akifanya ishara ya msalaba. "Amekuonyesha alipo."

Alphonsine alivua glovu. Akauingiza mkono wake taratibu katika alama ile.

Ukaenea. Kidole kwa kidole, mpaka kwenye kifundo.

Aliuacha humo muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Nilimzika na kiganja kidogo," alisema hatimaye. "Kilikuwa kinaishia hapa." Akaonyesha katikati ya kiganja chake. "Huu ni mkono wa mwanamke mtu mzima."