Makopo Saba ya Benedicta

Soko la Ilala siku ya Jumamosi asubuhi si mahali pa kutembea ukiangalia kaptula yako, lakini ndivyo Ansbert alivyokuwa akitembea. Mwaka ule wa hamsini na nne alikuwa karani, tena karani kijana, na kaptula yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Hakumwona mwanamke aliyekuja mbele yake na kopo la maziwa mkononi. Wakagongana, na mchanga wote uliokuwa ndani ya kopo ukamwagikia kaptulani.

Alitaka kukasirika. Akamtazama yule mwanamke, gauni la bluu lenye vidoti, kilemba cheupe, shingo ndefu, na hasira ikampotea. Mwanamke mwenyewe hakumjali. Alikuwa amechuchumaa anaokota mmea wake, mshubiri mdogo usiozidi kidole, anaupuliza vumbi.

"Umeumia?" Ansbert akauliza.

"Huu hauumii upesi. Kaptula je, imeumia?"

Basi Ansbert alikwisha palepale.

Jina lake lilikuwa Benedicta, Mgogo, fundi cherehani aliyepanga chumba Keko, katikati ya maseremala na vumbi lao la mbao. Kwenye kizingiti cha dirisha lake alipanga makopo saba. Manne yalikuwa na mishubiri, na matatu yalikuwa na vimea vidogo vyenye majani manene ya duara, alivyotoka navyo kwao amevifunga kwenye leso. Ansbert alianza kupeleka mashati yabadilishwe vifungo. Shati moja lilibadilishwa mara tatu, na wote wawili wakajifanya hawajui. Walikaa barazani tu, maana Benedicta hakuwa mtu wa kumkaribisha mwanamume chumbani.

Siku moja akampa mshubiri mchanga apeleke kwake Temeke, akamwonya asiumwagilie kabla ya wiki mbili. Lakini Ansbert alizaliwa Bukoba, ambako mvua haiombi ruhusa, na kuuacha mmea na kiu kwake ilikuwa roho mbaya. Akaumwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya pili majani yakawa manjano, kisha yakalainika yakaanguka. Akaurudisha umefungwa gazetini, uso umemshuka.

Benedicta alicheka mpaka akaiweka sindano chini.

"Umeuzamisha."

"Nilikuwa naupenda."

"Ndiyo nasema umeuzamisha. Bonyeza jani, bwana. Likiwa gumu, liache. Likilegea, vijiko viwili vya maji, basi."

Akampa mwingine, akamfundisha upya. Toboa kopo kwa msumari. Changanya mchanga na vipande vya mkaa, na chipukizi ukishalikata liache kivulini siku mbili likauke donda ndipo ulipande. Wakainama wote juu ya kopo, mikono yao ikakutana mchangani, na hakuna aliyefanya haraka kuutoa wake. Kufika Pasaka Ansbert alikuwa akiitwa Mzamishaji, naye akimwita mwenzake Bene, na kila mmoja alijua mwenzake anampenda.

Halafu Ansbert akajiharibia mwenyewe.

Jioni moja alimkuta Benedicta hayupo, akasogea kusubiri kwenye duka la Bi Bahiya lililotazamana na dirisha lile. Bi Bahiya alikuwa Mwarabu aliyezaliwa mtaani palepale. Aliyajua mambo ya kila nyumba, na asiyoyajua aliyajaza mwenyewe. Ansbert akaona mshubiri mkubwa umekatwa majani kwa kisu, akauliza kwa nini.

"Shubiri si ya kuachishia mtoto ziwa, mwanangu?" Bi Bahiya akasema. "Mama anajipaka, mtoto akionja mara moja harudi tena. Pale pana mtoto."

Hajamaliza, Benedicta akatokea kwenye kona na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kanga, anampigapiga alale. Ansbert akapanda baiskeli bila kuaga.

Kuuliza kungemchukua dakika moja. Yeye alichagua kununa wiki tano. Benedicta akamtumia shati lake na kikaratasi: vifungo vimekaza, mbona umepotea? Hakujibu, na kule Keko mtu aliumia sana, akajiambia kwamba amechezewa. Mshubiri wa Ansbert haukupata hata tone siku zote hizo, kwa huzuni ya mwenyewe, nao ukanenepa ukatoa machipukizi mawili. Kila asubuhi aliona unamcheka.

Ndipo ikaja barua ya uhamisho. Tabora, treni ya Jumatatu.

Jumapili baada ya misa alikaa kitandani akafikiri, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hajawahi kuona suruali ya kiume kwenye kamba ya nyumba ile. Kama Benedicta ana mtoto, basi anamlea peke yake, na kosa lake ni lipi? Hakumwambia, lakini na yeye hakuuliza. Akajaribu kuifikiria Tabora bila Bene, ikamshinda. Akaenda sokoni akanunua kitu, akaelekea Keko.

Alimkuta dirishani na kijiko, anamwagilia vile vya majani ya duara.

"Karibu, Bwana Ansbert," akasema bila kugeuka. Jina lote, na ubwana juu yake. Lilimchoma.

Ansbert akaweka kifurushi juu ya cherehani pale barazani.

"Nini hiki?"

"Viatu vya mwanao. Sikujua kipimo. Nilimwona, nikakimbia, na naona aibu. Kesho nahamia Tabora. Niruhusu niwaandikie wazee wako. Mje wote wawili."

Benedicta akaita, na kutoka chumba cha nyuma akaja Eufrazia, mpangaji mwenzake, na mtoto kiunoni. Ni yule yule.

"Mama yake huyu," Benedicta akasema. "Akienda kuuza vitumbua namshikia. Na shubiri, mtaa mzima unakata kwangu."

Ansbert alitamani ardhi ipasuke immeze. Eufrazia akawatazama, akaelewa, akarudi ndani amejiziba mdomo.

"Wiki tano umenihukumu, hukuniuliza hata neno."

"Ndiyo."

"Nililia, Ansbert."

"Nisamehe, Bene."

Benedicta akakifungua kifurushi. Viatu vyote viwili vilienea kwenye kiganja kimoja. "Uliponunua hivi, uliamini mtoto ni wangu?"

"Niliamini."

"Na ukaja."

"Nikaja."

Macho ya Benedicta yakajaa machozi. Ansbert, kwa kutojua afanye nini, akasema basi wampe mtoto wa Eufrazia, huenda vikamtosha.

"Mtoto wa Eufrazia ana vyake." Akavifunga tena, akavuta mtoto wa cherehani, ile droo yake ndogo, akaviweka ndani, chini ya utepe wa kupimia, akaifunga. "Hivi havitoki humu. Kaa hapo nikutajie jina la baba yangu, uandike hiyo barua."