Mkunga Aliyechelewa Kuitwa

Wanu alikuwa anapepeta mchele uani. Mimba yake ilikuwa imetimia miezi tisa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa, na huyu alimtaka hai.

"Mama," alimwambia mama mkwe wake, Bi Mwanamwema, "nnataka Mwatima mkunga anizalishe."

"Mwatima? Hata! Mkono wake mzito yule. Mwaka jana kazalisha kumi na wawili, wanne wamekufa. Sisi mabibi tumezalisha thelathini, wamekufa watano tu. Hesabu hiyo!"

Wanu aliogopa, machozi yakamlengalenga.

Kumbe Shemsa, muuguzi wa zahanati ya Tunguu, alikuwa mlangoni anapiga hodi na amesikia yote.

"Shikamoo, Bi Mwanamwema."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Hesabu yako kweli. Lakini Mwatima mnamwita lini?"

"Mambo yakishatushinda. Mzazi akishinda na kulala na uchungu."

"Na wanaozaa upesi?"

"Hao karibu wote twawazalisha wenyewe."

Shemsa alicheka. "Mnamwachia magumu, kisha mnamlaumu! Hebu tuwatazame waliokawia tu."

Alichukua komwe za bao. Bi Mwanamwema akataja majina ya wazazi, mmoja mmoja, na Shemsa akazipanga chini. Waliokawia mikononi mwa Mwatima walikuwa kumi, na watoto sita walipona. Waliokawia kwa mabibi walikuwa sita. Mtoto aliyepona ni mmoja. Waliozaa upesi hawakufiwa popote.

"Umeona, Bi? Hesabu yako iliwachanganya wenye uzazi mwepesi na wenye uzazi mgumu. Ukitaka kulinganisha watu wawili, uliza kwanza kama wamepewa kazi sawa."

Bi Mwanamwema alizihesabu tena zile komwe. Aliona haya, na alistahili kuona haya.

"Astaghfirullah! Nimemsingizia mtoto wa watu."

Jumamosi asubuhi Wanu alishikwa na uchungu. Bi Mwanamwema hakungoja hata maji yachemke. Alitoka mbio bila viatu, akarudi na Mwatima, kapu la mkunga amelibeba yeye mwenyewe kichwani.

Kabla ya adhuhuri mtoto alilia. Alilia kwa nguvu hata baba yake, Usi, akamsikia kutoka njiani, akaiangusha mihogo aliyobeba.

Bi Mwanamwema alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Halafu akaanza kupita nyumba kwa nyumba, kila penye mja mzito, akisema kwa sauti hiyo hiyo iliyokauka: "Mwiteni Mwatima mapema! Mimi nilihesabu vibaya."