Uzito wa Muriel

Boti ya mfereji humtambua kila anayeikanyaga. Ukipanda kwa nyuma, inainama kidogo, vikombe vinagongana kwenye ndoano zake, na aliye ndani anajua kuna mtu kaingia. Ukishuka, inajiinua. Muriel Pargeter alilijua hilo tangu siku ya kwanza, maana mumewe hakumpa nafasi ya kulisahau.

"Shikilieni vyombo!" Clifford alipaza sauti kila mkewe alipopanda. "Mama mwenye nyumba huyo!"

Majirani wa boti nyingine walicheka. Muriel naye alicheka. Alikuwa amepika chakula cha shule kwa miaka thelathini, mwili wake ulikuwa wa mpishi, na alishazoea kuwahi kujicheka kabla ya wengine.

Basi Jumanne moja saa nne asubuhi, Clifford akiwa mjini kununua makaa ya mawe, boti iliinama. Vikombe vikagongana. Muriel alikuwa akimenya viazi.

"Umerudi mapema," alisema bila kugeuka.

Akaenda nyuma, akafungua mlango mdogo. Hapakuwa na mtu. Njia ya kando ya mfereji ilikuwa tupu mpaka darajani, na umande ulioganda juu ya majani haukuwa na alama ya kiatu. Aliporudi kwenye viazi vyake ndipo alipoyaona maji ya karai yamelala upande mmoja. Boti ilikuwa imeinama na haikujiinua. Aliyepanda hakuwa ameshuka.

Walikuwa na siku sita tu tangu waegeshe boti pale Askerby. Walikwisha kujua bomba la kuchotea maji lilipo, mahali pa kumwagia ndoo ya choo, na duka la mkate lisilofunga Jumapili. Nyumba waliyoiuza ili wainunue boti ilikuwa ya Muriel, aliyoachiwa na mume wake wa kwanza. Clifford alimbembeleza miezi minane mpaka akatia saini. Sasa Muriel hakuwa na paa jingine duniani zaidi ya lile la chuma lililokuwa likielea.

Boti waliikuta na jina, Winifred, limeandikwa ubavuni kwa rangi iliyochakaa. Clifford alilikwangua siku ya pili, boti ikiwa palepale majini, akaandika MURIEL kwa herufi nyekundu.

"Zawadi yako," alisema, sauti juu ili majirani wasikie. "Boti na mke, vyote vizito, na vyote nimevipata mtumba!"

Aliyekosa kucheka alikuwa mmoja tu, Dot Hambridge wa boti ya jirani, bibi wa miaka sabini na ushee aliyezaliwa ndani ya boti ya kubeba makaa.

"Jina la boti hubadilishwa ikiwa imepandishwa nchi kavu, kijana," alisema. "Si majini. Ipandishe kwanza."

"Bibi, wewe angalia chai yako isichemke ikamwagika," Clifford alimjibu. Alikuwa na miaka sitini na mbili, na kuitwa kijana kulimuudhi.

Baada ya Jumanne ile mambo yalikuja kidogo kidogo. Harufu ya matope baridi na sufu iliyolowa ilikaa jikoni, hata jiko la makaa likiwaka mpaka bomba lake likawa jekundu. Aproni ya Muriel, aliyoitundika kavu, aliikuta inachuruzika. Adhuhuri, akiwa peke yake, alisikia kucha zikipita chini ya sakafu, upande wa nje wa chuma, kutoka mbele hadi nyuma, polepole, kama mtu anayepapasa ukutani akitafuta mlango.

"Ni barafu hiyo," Clifford alisema.

"Barafu haiimbi, Cliff. Nimesikia mtu anaimba."

"Basi mwambie aoshe na vyombo."

Siku ya kumi na tatu Muriel alirudi sokoni na mifuko miwili ya viazi na vitunguu. Akapanda. Vikombe havikugongana. Clifford akainua uso kutoka kwenye gazeti.

"Lo! Umepungua, mama. Kumbe inawezekana!"

Lilikuwa neno lake la kwanza zuri kwa miaka sita, na Muriel, maskini, alilifurahia. Alilifurahia mpaka chakula cha mchana, alipofunga suruali yake na kuona mkanda uko kwenye tundu lilelile la siku zote.

Akatoka nje. Akashuka, akapanda, akashuka, akapanda. Boti haikutikisika. Akaruka kwa miguu yote miwili juu ya sakafu ya nyuma, mwanamke wa kilo tisini na nne, na maji ndani ya ndoo iliyokuwa pembeni yake yakatulia vilevile, na wakati huohuo, ndani, jikoni, mahali ambapo hapakuwa na mtu kwa sababu Clifford alikuwa amesimama kwenye njia akipasua kuni na kumtazama kama mwehu, vikombe vikaanza kugongana kimoja baada ya kingine, kufuata hatua za mtu mzito anayetembea bila haraka.

Alikimbilia kwa Dot. Mbwa wa Dot akanguruma. Bibi akageuka ghafla, kijiko mkononi.

"Sikukusikia ukipanda," alisema, na uso ukampauka. "Ee Mungu wangu. Sikukusikia ukipanda."

"Kuna nini ndani ya boti yangu, Dot? Niambie tu."

Dot alimkalisha, akaongea kwa sauti ya chini, macho dirishani.

"Winifred alikuwa mke wa aliyeijenga. Alibanwa kati ya boti na ukuta, hapo mbele kwenye lango la maji, lile la kupandishia na kushushia boti, akazama. Akawa anarudi. Mume akaliandika jina lake ubavuni, naye Winifred akatulia. Lile halikuwa pambo, kipenzi. Lilikuwa kaburi. Nyinyi mmelikwangua, na yeye yuko majini hana pa kulala. Sasa kaona jingine limeandikwa hapohapo."

"Langu."

"Lako. Na kesho siku zenu kumi na nne za kuegesha hapa zinatimia, lazima mhame, na njia ni moja tu, langoni. Jina jipya likipita langoni limeshakaa, na litakuwa lake. Andika la zamani, hata kwa chaki. Mwite arudi kwake."

"Nisipofanya?"

"Boti haina nafasi ya Muriel wawili."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, Muriel alipiga magoti kwenye majani yenye umande, akaandika WINIFRED kwa chaki juu ya herufi nyekundu. "Rudi kwako, dada," alinong'ona. "Nakuomba." Boti ikaanza kujiinua. Aliiona kwa macho yake ikijiinua, kidogo, kidogo.

Clifford akatokea na kitambaa.

"Watu wanatutazama, wewe mwanamke!"

"Nyumba niliyouza ilikuwa yangu, Cliff. Sijakuomba kitu chochote tangu hapo. Liache mpaka tupite lango tu."

"Unanong'ona nini? Sema kwa sauti!"

Muriel hakuwa akinong'ona. Alikuwa akipiga kelele. Clifford alifuta chaki yote kwa mikono miwili, akipiga mluzi.

Langoni, kazi ya Muriel ilikuwa ileile ya siku zote. Boti iliingia katika chumba cha mawe, mlango wa nyuma ukafungwa, akazungusha mkono wa chuma kuyatoa maji, na boti ikashuka na Clifford wake mpaka kikabaki kichwa chake tu chini kule. Kilichobaki kilikuwa mlango wa mbele. Milango ile husukumwa kwa mgongo, mtu ameegemea boriti yake nene, na wiki mbili nyuma, kwenye lango jingine, Muriel alikuwa ameusukuma wa aina hiyo kama pazia. Leo haukusogea.

"Sukuma! Leo uzito umeuacha wapi?"

Akakaza miguu, akasukuma mpaka macho yakaingia giza, na ndipo boriti ilipoanza kwenda, taratibu, na moyo wake ukafurahi kwa nusu ya pumzi kabla hajahisi bega jingine limegusa lake, bega pana, lililolowa, lenye harufu ya matope na sufu, akageuza shingo na kuona koti lake mwenyewe, skafu yake mwenyewe ya bluu, shavu lake mwenyewe lenye alama ya mafuta ya moto aliyoipata jikoni shuleni, na nywele zinazochuruzika maji juu ya uso uliokuwa ukimtabasamia kwa huruma kabisa.

Mlango ukafunguka. Yule mwingine akashuka ngazi za mawe, akakanyaga boti. Boti ikainama sana. Vikombe vikagongana.

"Shikilieni vyombo!" Clifford akaangua kicheko.

Muriel aliruka kumfuata, akaanguka kando ya mumewe, akamshika mkono, akamwita kwa jina, akampiga kifuani kwa ngumi. Boti haikujua kama kuna mtu kapanda. Clifford akainua kola ya koti.

"Pamekuwa na baridi hapa nyuma."

"Njoo unywe chai, mpenzi," sauti ya Muriel ikasema kutoka ndani. "Nimekuwekea karibu na jiko."

Clifford hakuwa amewahi kuitwa hivyo ndani ya boti ile, na akatabasamu kama mtoto.

Muriel alirudi kwa miguu hadi kwa Dot, na umande haukuandika hata unyayo mmoja. Mlango wa Dot ulikuwa wazi. Mbwa akasimama, akatoa meno. Bibi akaweka kikombe chini bila kuinua macho, na machozi yakamtoka.

"Nilikuambia, kipenzi," alisema. "Lakini humu sina nafasi. Jina la hapo nje ni la marehemu mama yangu, na mwenyewe yumo."

Hakuinuka kitini. Lakini boti iliinama upande wa mlango, hatua moja, hatua mbili, na mlango ukafungwa.