Sauti Iliyouza Sharubati

Mfanyausafi alimkuta saa moja kasorobo asubuhi ya Jumatatu, chini ya ngazi za nyuma. Alikuwa amelala chali, mguu mmoja umekwama kwenye kidato, kiatu kimemvuka. Damu ilikuwa imeshakauka.

Ofisi nzima ya matangazo ilimwita Kalamu. Kila tangazo lililotoka katika ofisi ile, maneno yalikuwa yake.

Inspekta, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alichuchumaa kando ya daktari wa polisi.

"Lini?"

"Jana alasiri. Kati ya saa tisa na saa kumi na mbili. Kisogo kimepasuka."

"Alijikwaa?"

"Anayejikwaa akishuka huangukia mbele. Huyu alianguka kinyumenyume, uso ukielekea juu." Daktari aliinua mkono wa marehemu, akaelekeza kibano. "Na tazama kucha. Nyuzi za sufu, kijani. Alimshika mtu."

"Alikufa papo hapo?"

Daktari aliushusha mkono ule. "Hapana. Alikaa hai nusu saa, pengine zaidi. Angepata msaada mapema, huenda angepona."

Sajenti, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alirudi kutoka kukagua mlango wa nyuma. "Afande, kitasa kizima. Umefungwa kwa ufunguo, kwa nje."

"Basi aliyetoka hapa ana ufunguo," alisema Inspekta.

Walipanda juu. Palipokuwa na bango la ofisi palibaki mraba mweupe ukutani na matundu manne ya skrubu. Madirisha yalibandikwa magazeti.

Mkurugenzi alikuwa ameketi nyuma ya meza, jasho likimtiririka. Mkononi bado alivaa utepe wa hospitali wenye namba ya kitanda.

"Wameanza," alisema kabla hajaulizwa. "Walisema watatufuata mmoja mmoja. Wameanza na Kalamu."

"Kina nani?"

Aliisukuma simu yake mezani. Inspekta alisoma. Ujumbe wa kwanza: *Wauaji wa vichanga, tunajua mnapokaa.* Wa pili: *Lala nawe, usiamke.* Zilikuwa jumbe mamia.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu. Tulitoa tangazo la redio, sharubati ya kikohozi cha watoto. Siku ya tisa ikatokea blogu inaitwa Soma Kibandiko. Ikaandika kwamba sharubati inawalaza vichanga usingizi mzito kupita kiasi, haifai kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na sisi tumewaambia akina mama wampe mtoto yeyote. Watu wakasambaza. Kuna mtoto alilazwa siku mbili. Alipona, lakini nani anasikiliza hilo?"

"Blogu ilisema uongo?"

Mkurugenzi alifuta jasho. "Onyo lipo kwenye chupa. Maandishi madogo."

"Maandishi madogo hayasikiki redioni," alisema sajenti.

"Nani anaandika hiyo blogu?"

"Ningemjua, nisingelazwa kwa shinikizo la damu. Nimetoka hospitali leo alfajiri."

"Ufunguo wa mlango wa nyuma mnao wangapi?"

"Wanne. Mimi, Kalamu, fundi wa kurekodi, na mama mwenye sauti, anayetusomea matangazo."

Hospitali ilithibitisha kwamba Mkurugenzi hakutoka wodini tangu Jumamosi mpaka alfajiri ile. Fundi wa kurekodi naye alikuwa uwanjani Jumapili yote. Watu zaidi ya mia walimwona akikosa penalti. Akabaki mama mwenye sauti.

Anwani yake waliikuta kwenye simu ya Kalamu: ghorofa ya kwanza ya nyumba ya kupanga, nyuma ya soko. Inspekta na sajenti walibisha mara tatu. Muuza mkaa wa jirani alicheka.

"Mnampigia kelele bure. Huyo bubu."

"Bubu?"

"Alihamia mwezi juzi. Dukani ananyoosha kidole tu. Maskini, mpole kweli."

Inspekta na sajenti walitazamana. Inspekta akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango. "Mama, sisi polisi. Kalamu amefariki."

Komeo liliteleza. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliwaingiza, akafunga, akaweka kiti nyuma ya mlango. Ndipo akasema, kwa kunong'ona:

"Karibuni, wanangu."

Sajenti alishtuka. Hata kwa kunong'ona, hakuna asiyeijua sauti ile. Ilikuwa nzito na laini, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Miezi mitatu iliyopita redio zote zilikuwa zikisema kwa sauti hiyo: *Mwanao akilala, nawe utalala.*

"Kwa nini unajifanya bubu, Mama?"

"Nilipokaa zamani nilikwenda kununua vitunguu. Nikasema 'nipe kilo moja,' tu. Mwanamke mmoja akageuka, akaniuliza: 'Ni wewe?' Walinifukuza hadi barabarani. Mmoja alinipiga jiwe hapa." Aligusa bega. "Tangu siku hiyo sisemi nje. Usiku nikikohoa, najifunika mto."

"Una mtu wa karibu?"

"Binti yangu, muuguzi. Ana mtoto wa miezi mitano." Alitazama sakafu. "Aliniambia nisimshike mjukuu wangu mpaka atakaponiambia. Hajaniambia."

"Simu ya Kalamu inaonyesha alikupigia jana saa nane na dakika kumi."

"Alinijulia hali."

"Kwa dakika ishirini?"

"Alikuwa mwema."

"Ulitoka jana?"

"Niende wapi, mwanangu? Na sauti hii?"

Inspekta aliinua macho. Dirishani, juu ya kamba, ilining'inia sweta ya kijani, mbichi bado. Mkono mmoja ulikuwa umefumuka kiwikoni. Hakuwa na kibali cha upekuzi. Aliaga, akamwacha askari chini ya ngazi, akaenda kukitafuta.

Saa nane mchana, mtaalamu wa kompyuta wa polisi alimwita. Alikuwa na kompyuta ya Kalamu mbele yake na uso wa mtu aliyeona jini.

"Afande, kaa kwanza. Blogu ya Soma Kibandiko ilikuwa ikiandikwa humu."

"Mtu aliingilia kompyuta yake?"

"La. Nywila zake, mtindo wake, hata makosa yake ya herufi. Mwenye blogu ni Kalamu mwenyewe."

Sajenti alipiga mluzi. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kuna zaidi. Hii ni picha ya karatasi yenye maneno ya kwanza ya tangazo lile, kabla halijarekodiwa." Alionyesha kidole kwenye kioo. Mstari wa mwisho ulisomeka: *Usimpe mtoto aliye chini ya miaka miwili.* Ulikuwa umekatwa kwa mstari mwekundu, na pembeni Mkurugenzi ameandika kwa mkono: *Ondoa. Unatisha wateja.*

"Na hii?"

"Makala ambayo haijatoka. Ilichapishwa karatasi moja, jana saa kumi kasorobo. Karatasi yenyewe sijaiona ofisini."

Inspekta alisoma makala ile mara mbili. 

Kwa kibali cha hakimu waliipata karatasi chini ya godoro la mama yule, imekunjwa mara nne. Maabara ililinganisha nyuzi za sweta na zile za kwenye kucha: ni zilezile. Jioni mama aliketi katika chumba cha mahojiano, mikono juu ya mapaja.

"Una haki ya kunyamaza," alisema Inspekta. "Una haki ya wakili."

"Nimenyamaza miezi mitatu, mwanangu. Inatosha."

"Alikuitia nini?"

"Alilia kwenye simu. Akasema njoo ofisini, nina jambo la kukuungamia. Nikaenda. Akaniambia blogu ni yake. Alisema alikatiwa onyo, akaogopa kufukuzwa kazi akisema waziwazi, akaona aandike kwa siri. Nikamwambia, mwanangu, vizuri, watoto wamepona kwa ajili yako. Nilimwambia hivyo kweli."

"Kisha?"

"Akanipa karatasi nisome. Alitaka kusema ukweli wote, dhamiri imtulie. Nikaona jina langu. La baba yangu pia. Mtaa ninaokaa sasa, ambao yeye tu ndiye aliyekuwa akiujua. Nikamwomba aliondoe. Akasema ukweli haukatwi vipande. Tulikuwa tumefika ngazini, yeye ametangulia, akanigeukia. Nikaisoma tena karatasi, toka juu mpaka chini. Nilikuwa natafuta jina lake."

"Ulilipata?"

"Halikuwamo. Mimi nilisoma nilichopewa, kazi ya asubuhi moja. Onyo sikuliona hata siku moja. Yeye alilijua tangu mwanzo. Nilipigwa jiwe mimi. Mjukuu nilinyimwa mimi. Na bado alikuwa anakwenda kuwaonyesha mlango wangu." Alivuta pumzi. "Nikamsukuma kwa mikono yote miwili. Alinidaka sweta, kisha akaachia."

Kalamu ya sajenti ilikuwa ikikwaruza karatasi.

"Hakufa mara moja, Mama."

"Najua. Alikuwa akiniita kwa jina."

"Barabara iko hatua kumi. Kwa nini hukuita watu?"

Mama aligusa tena bega lake. Alipojibu, Inspekta ilimbidi ainamie meza ili amsikie.

"Nilifungua mlango nipige ukelele. Walikuwepo watu wengi tu, wanapita. Nikafungua kinywa. Nikawaza: wataitambua sauti. Nikafunga mlango."

Sajenti aliacha kuandika. Kisha alimsogezea Mama maelezo yake. Mama aliyasoma yote, polepole, kisha akatia sahihi na jina lake kamili.

"Binti yako yuko nje," Inspekta alimwambia. "Nilimpigia mimi. Amekuja peke yake. Anataka kukuona."

"Mwambie nitamwona. Mwambie anipe dakika moja nijifute uso."

Inspekta alitoka. Kwenye benchi la ukumbini binti alikuwa ameegemea ukuta, amekumbatia mkoba. Mwisho wa benchi waliketi Mkurugenzi na wakili wake. Mkurugenzi aliinuka haraka, akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nimesikia mmempata. Alhamdulillahi! Kwa hiyo hakuna wa kutufuata tena. Naweza kwenda?"

Inspekta alimwonyesha nakala ya karatasi yenye mstari mwekundu.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

Tabasamu lilimkauka mdomoni. Wakili alimshika mkono.

"Keti," alisema Inspekta. "Sasa ni zamu yako."