Pale Alavi Aliponyamaza

Ijumaa hiyo majina ya kaseti yalipita tena kwenye dirisha jeusi la kompyuta. Raseena, mtoto akiwa begani na mkono mmoja tu ukiwa huru, alidhani ni usingizi unamchezea.

Kila Ijumaa baada ya asri alichomeka diski ya nje, kiboksi cheusi kisichozidi kipande cha sabuni, akaandika amri aliyofundishwa na Mwalimu Ambika wa nyumba ya pili, kisha akasubiri. Kompyuta yao ilikuwa ya mfumo wa Linux, kama zile za shuleni kwa mwalimu, na amri ile ilikuwa na tabia moja nzuri: ilinakili kilichobadilika tu. Picha mpya za mwanawe Minha, sawa. Jumbe za sauti za mumewe Jabir kutoka Doha, sawa. Lakini kaseti za marehemu baba mkwe hakuna aliyezigusa tangu zihamishiwe humo. Mbona zilikuwa zinapita moja baada ya nyingine, polepole, kama watu wanaokwenda mazikoni?

"Mama," akaita. "Umezifanya nini kaseti za baba?"

"Nizifanye nini?" Bi Pathu, mama mkwe wake, akajibu kutoka jikoni, alikokuwa akikuna nazi. "Nabonyeza pale uliponionyesha, nasikiliza, nazima. Kwani kusikiliza kunazimaliza?"

"Hapana, Mama."

"Basi njoo ule. Tangu asubuhi umekunywa chai tu. Nipe huyo mtoto."

"Mikono yako ina nazi."

"Atanukia vizuri kuliko mama yake."

Raseena akacheka kidogo, akampa mtoto, akalala, kichwa kikiwa mezani, kabla hajaonja chakula.

Alavi, mume wa Bi Pathu, alifanya kazi Doha, kule Ghuba, zamani, wakati simu ilikuwa ya matajiri. Badala ya barua alituma kaseti, akimpa yeyote anayerudi nyumbani. Alikuwa na mtindo wake. Aliuliza swali, kisha akanyamaza kwa muda wa kutosha mkewe kujibu. "Pathu, umekula?" Kimya. "Vizuri. Nami nimekula." Na Bi Pathu, wakati huo mwari mwenye hina bado mikononi, alikaa mbele ya redio kila magharibi akimjibu kwa sauti. Majirani walimcheka, lakini waliacha kupiga soga uani ili asikie.

Alavi alirudi akiwa mgonjwa, hakukaa sana. Mvua za Malabar, pwani yao ya India, zikaanza kuzila kaseti kwa ukungu mweupe. Raseena, mimba yake ikiwa kubwa, ndiye aliyekaa siku nyingi akizifuta kwa pamba na kuzihamishia kwenye kompyuta, kabla zenyewe hazijaoza kabisa. Bi Pathu hakusema asante. Alianza tu kumwekea mkwewe tumbo la samaki, kila siku, yeye akila kichwa.

Kisha Minha akazaliwa, mtoto asiyelala. Akishtuka kwa sauti ndogo tu, nyumba nzima ilikesha. Ndipo Raseena akamwomba mama mkwe kwa upole asikilize kwa vidude vya masikioni, na amjibu mzee moyoni. Bi Pathu alikubali bila kununa. Alijibu moyoni kwa muda. Baadaye hata moyoni akaacha, maana naye alikuwa amechoka, kumlea mjukuu si mchezo.

Ijumaa iliyofuata majina yakapita tena. Na ndani ya kompyuta kulikuwa na sauti, tik, tik, kama ukucha kwenye kioo.

Mwalimu Ambika alikuja na bakuli la muhogo wa kuchemsha na pilipili, maana hakuwahi kuvuka ua ule mikono mitupu. Akainamisha sikio.

"Hiyo diski ya ndani inakufa," alisema. "Usiruke Ijumaa hata moja. Hizi kaseti nani amezibadilisha?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Amri hii hainakili kitu kisichobadilika. Haina huruma wala haina uongo." Akatazama kwa karibu. "Raseena, hii kaseti imerefuka."

"Itarefukaje? Mtu mwenyewe yuko kaburini."

"Ndiyo nakuuliza."

Nje mvua ilikuwa inashuka, na kwa kuwa saa ya magharibi ilikuwa karibu, Bi Pathu alishafunga madirisha kama inavyofungwa kila nyumba saa ile. Ambika akachomoa vidude vya masikioni, sauti ikatoka wazi chumbani.

"Pathu, umekula?" akauliza Alavi.

Kikaja kimya, kile kimya ambacho wote watatu walikijua, chenye feni ya Doha ikizunguka mbali. Lakini safari hii hakikuisha pale kilipozoea kuisha, kiliendelea, na ndani yake kikaanza kusikika kitu chembamba, bangili za kioo zikigongana kwenye mkono unaoinuliwa taratibu, na pumzi ya mtu anayesogea karibu na kipaza sauti, na hapo chumbani kwao, penye harufu ya muhogo na mafuta ya mtoto, ikaingia harufu ya hina iliyochacha na nywele mbichi, hadi Minha aliyekuwa amelala akafungua macho na kutazama juu ya kompyuta, mahali pasipo na mtu, akatabasamu.

"Nimekula, mpenzi," sauti ya mwanamke ikasema.

"Vizuri," akajibu Alavi. "Nami nimekula."

Ambika akazima.

"Mama," Raseena akanong'ona, "ile ni sauti yako ya zamani?"

"Mimi?" Bi Pathu alikuwa ameshika kiti. "Mimi sikuwahi kumwita mwanamume mpenzi. Aibu ningeiweka wapi?"

"Mimi si wa dini yenu," Ambika akasema taratibu, "lakini hicho si kitu cha kompyuta. Sikilizeni, msiogope. Nakala ya kwanza kabisa, uliyoweka kwenye diski ya nje, ilikuwa safi. Tutairudisha."

Raseena alimkumbatia mwanawe akatazama chini.

"Raseena?"

"Nimenakili juu yake, Mwalimu. Kila Ijumaa. Ulisema nisiruke."

Ambika alifunga macho. Wengine wangegomba. Yeye alimchukua Minha tu, akasema, "Kalale kidogo. Nitakaa hapa na mama."

Lakini nani angelala? Siku zilizofuata Bi Pathu alisikiliza kaseti zote, moja baada ya nyingine, kwa hofu na ukaidi wa mtu anayehesabu vyombo baada ya mwizi kupita. Ndipo akagundua jambo lililomuumiza kuliko bangili. Katika kaseti alizosikiliza jana, Alavi alikuwa anasema, "Pathu, umekula?" Leo alisema, "Umekula?" Jina lilikuwa limeondoka. Kaseti ya Idi ilikuwa imebaki na Pathu mmoja. Kesho yake hakuwamo hata huyo.

"Ananifuta," alimwambia Raseena. "Alipokuwa hai sikuwekewa mke mwenza. Nije nimpate sasa, mwenye pumzi ya bwawa?"

Alijaribu kucheka. Midomo ikakataa.

Asubuhi moja ile tik, tik ikanyamaza, na kompyuta haikuwaka tena. Sasa yote yaliyobaki ya Alavi duniani yalikuwa ndani ya kile kiboksi cheusi, pamoja na yule mwingine. Raseena alikifunga kwa kanga ya mtoto akakiweka juu ya kabati. Kutoka juu ya kabati, bila waya wala umeme, zikasikika bangili.

Wakamwita Sharifu Attakoya. Alifika na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, akikohoa, akaomba chai ya moto yenye ndimu kabla ya lolote. Aliandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji, akampa Bi Pathu anywe, akampaka Minha kidogo utosini. Kisha akakiangalia kile kiboksi.

"Na hiki, Sharifu?" akauliza Raseena. "Tukioshe pia?"

"Ukikiosha si kitakufa?"

"Kitakufa."

"Basi tusimuue mzee mara ya pili." Akanywa chai. "Niambieni. Zamani mlikuwa mkimsikilizaje?"

Bi Pathu akaeleza: redio, magharibi, majibu kwa sauti. Raseena akaeleza sehemu yake, ya vidude vya masikioni. Mama mkwe akaweka mkono juu ya goti lake.

"Mtoto alikuwa hapati usingizi," Bi Pathu akamwambia sharifu kwa ukali. "Hakukosea huyu."

"Sijasema amekosea. Nasema mtu ameuliza, amengoja, hakuna aliyejibu. Yule mwanamke hakuvunja mlango. Ameona kiti cha mke kiko wazi, amekaa." Akakohoa tena. "Mimi nitasoma. Lakini kusoma kwangu kutamwinua tu. Asipopata mtu wa kukaa pale, atarudi kabla sijafika barabarani. Mjibu mumeo, Pathu. Swali kwa swali. Usiache hata moja."

"Yako mengi, Sharifu. Na mimi ni mzee."

"Najua. Pole."

Mwalimu Ambika akaleta kompyuta yake mwenyewe na kipaza sauti cha shule, akahamishia humo kila kitu kilichokuwa kwenye diski. Akamwonyesha Raseena namna ya kuweka sauti juu ya kimya. Akamchukua Minha kwake kila alasiri, akamrudisha ameshaoga, mara na wanja machoni, Bi Pathu akajifanya hauoni.

Wakaanza. Sharifu alikaa barazani akisoma kwa sauti ya chini. Ndani, Bi Pathu alikaa kitandani amejifunika shuka, kikohozi cha sharifu kikiwa kimeshamwambukiza, na Raseena akashika kipaza sauti mdomoni pake.

"Umekula?" akauliza Alavi.

"Nimekula muhogo wa Ambika. Nimekuwekea samaki."

"Mvua imeanza huko?"

"Imeanza. Paa linavuja palepale ulipoahidi kuziba."

"Mtoto anatembea?"

"Anatembea, Alavi. Ametembea hadi Doha, kama wewe. Ana binti. Ana macho yako, na hasira zangu."

Siku zikapita hivyo, Bi Pathu akizidi kudhoofika. Raseena alikuwa amechoka hadi mifupa, alisikia maneno kupitia ukungu, lakini mkono wake haukushuka. Jioni simu yake ililia, ujumbe wa sauti kutoka kwa Jabir, tena mwingine, na yeye akaigeuza kifudifudi. Nitamjibu kesho, alijiambia, kama alivyojiambia wiki nyingi. Jabir alitaka jumbe zake zihifadhiwe pia kila Ijumaa. "Nami nikizeeka Minha anisikie," alisema. Raseena alizihifadhi zote. Kuzijibu ndiko kulikomshinda.

Kaseti ya mwisho ilikuwa ile ambayo Alavi alirekodi akiwa ameshaugua. Ilipoanza, taa ikafifia, na ile harufu ya hina ikapanda kutoka chini ya kitanda ikajaa chumba kama moshi, na Alavi alipouliza, "Utaningoja?", bangili zikalia hapohapo, si ndani ya kompyuta tena bali kati yao, kati ya mdomo wa Bi Pathu na kipaza sauti, Raseena akahisi vidole vibichi vikijaribu kumbandua vyake kimoja kimoja, pumzi baridi ikavutwa ili iseme, na barazani sauti ya sharifu ikapanda hadi ikapasuka, na yule bibi kizee aliyekuwa hawezi kunyanyua kikombe akajiinua kwenye mto na kupiga kelele iliyosikika hadi kwa Ambika:

"Nilikungoja! Nilikungoja, nangoja mpaka sasa! Na wewe, mwanaizaya, toka! Hapo ni mahali pangu!"

Kitu kilipita dirishani. Feni ya zamani ya Doha ikazunguka, mbali.

"Vizuri, Pathu," akasema Alavi.

Bi Pathu akajifunika uso kwa mtandio. Raseena akamshika miguu akalia naye.

Ijumaa ile walichomeka diski ya nje kwenye kompyuta ya Ambika. Raseena akanakili majibu yote. Kisha, ili apate utulivu, akaandika amri ileile tena. Dirisha jeusi likakaa tupu. Hakuna kilichobadilika. Hata jina moja la kaseti halikupita. Hakuwahi kuona kitu kizuri kama ule utupu.

"Sasa nenda kalale," akasema Ambika.

"Nikinakili mara moja zaidi tu, Mwalimu. Moyo utulie."

Akaandika. Jina moja likapita. Halikuwa la kaseti.

Lilikuwa la folda ya Jabir.

Raseena akaigeuza simu yake, aliyoiacha kifudifudi siku zote zile. Jumbe zilikuwa zimerundikana. Akafungua wa mwisho. Sauti ya mumewe ilikuwa changamfu, sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Asante kwa ulivyonijibu jana," alisema Jabir. "Nilidhani umenichoka. Na hizo bangili, umezinunua lini? Zinalia vizuri. Haya, niambie sasa, umekula?"

Akanyamaza, kwa muda ule ule, kama baba yake.

Minha begani akafungua macho, akatazama juu ya simu, akatabasamu. Raseena akavuta pumzi kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, ajibu.

Alichelewa kidogo tu.