Jirani wa Sayari ya Makunduchi

Kila siku ya shule Arafa Iddi alirudi nyumbani saa nane kasorobo mchana. Alivua viatu mlangoni, akala wali alioachiwa jikoni, akaosha sahani, kisha akawasha kompyuta. Hiyo sahani, tuseme kweli, siku nyingine ilisubiri sana.

Arafa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Waliishi mtaa wa Al Mansoura mjini Doha, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kuoka mikate. Mama yake, Bi Saada, alikuwa msimamizi wa usafi katika hoteli moja na alirudi saa kumi jioni. Baba yake alikuwa dereva wa familia moja ya Kiqatari. Mwezi ule wa Machi, mwaka 2009, alikuwa amewapeleka waajiri wake Umra huko Makka kwa gari, safari ya wiki tatu. Nyumbani walibaki mama na mwana.

Kilichomvuta Arafa kwenye kompyuta ni mchezo ulioitwa Falme za Nyota, uliochezwa kwenye mtandao na watu wa nchi nyingi. Kila mchezaji huanza na sayari moja, huchimba madini, hujenga meli za angani na kulinda mali yake isiporwe. Ugumu wake ni kwamba mchezo huo haulali. Ukizima kompyuta ukaenda shule, sayari yako inabaki palepale, na adui aliye macho anaweza kuivamia. Arafa aliipa sayari yake jina la Makunduchi, kijiji alikozaliwa mama yake kule Unguja. Kwa miezi minne aliijenga kwa mapenzi, mpaka akawa na meli kumi na moja.

Kisha Jirani akaja.

Hilo ndilo jina alilojiita mchezaji mmoja ambaye Arafa hakumjua. Kwa siku tano za shule mfululizo alivamia Makunduchi asubuhi, saa kumi na mbili na robo, wakati Arafa ameketi kwenye basi la shule. Hakukosea hata mara moja. Arafa akirudi alikuta ghala tupu na meli zimepungua. Siku ya sita alikuta ujumbe, tena kwa Kiswahili: "Habari za shule?"

Arafa alidhani ni utani. Kesho yake ukaja mwingine: "Leo umechelewa dakika arobaini. Basi limeharibika?"

Arafa aliusoma mara tatu. Ni kweli, basi lao lilikuwa limepasuka gurudumu njiani. Alitazama dirishani, akaona paa za majirani, nguo kwenye kamba na masahani ya televisheni. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Hata hivyo alivuta pazia.

Siku iliyofuata Jirani aliandika: "Baba hajarudi bado. Mko wawili tu."

Jioni ile mama yake alimwangalia wakiwa mezani. "Mbona huli, mwanangu? Rangi yote imekutoka."

"Nina mtihani wa hesabu, mama," Arafa akajibu.

Hakukuwa na mtihani wowote. Mama yake alikuwa amempa ruhusa ya kucheza kwa sharti moja, kwamba asiandikiane na watu asiowajua. Arafa alijua akisema ukweli kompyuta itafungiwa kabatini, na Makunduchi itaporwa mpaka kokoto la mwisho. Basi akaumeza uongo wake pamoja na wali, na usiku akalala akiwa ameshika ncha ya khanga ya mama yake kama mtoto mdogo.

Siku ya Alhamisi mji uliamkia vumbi. Bi Saada aliondoka kwenda kazini akikohoa, sauti imemkauka hata salamu haitoki vizuri. Mchana, Arafa aliposhuka kwenye basi, anga lilikuwa na rangi ya chungwa na taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Duka la mikate lilikuwa limefungwa. Ngazi nzima ilikuwa kimya, na hatua zake mwenyewe zilimrudia kutoka juu kana kwamba mtu anashuka.

Aliwasha kompyuta kabla hata ya kula. Ujumbe ulikuwa unamsubiri: "Vumbi kali leo. Usifungue dirisha la upande wa mikate."

Alikimbilia mlangoni, akafunga, akauacha ufunguo ndani ya kitasa. Akasukuma meza mpaka ikagota mlangoni, akakaa chini nyuma yake. Kiyoyozi kilikoroma. Vumbi lilipiga vioo taratibu.

Ndipo akasikia hatua kwenye ngazi. Zilipanda bila haraka mpaka ghorofa ya tatu, zikasimama mbele ya mlango wao. Kitu kikakwaruza kwenye tundu la ufunguo, kikakwama. Mkono wa kitasa ukashuka polepole, ukapanda. Mlango ukagongwa mara tatu.

"Nani?" Arafa aliuliza kwa sauti isiyofika hata mezani.

Hakuna aliyejibu. Upande wa pili mtu alikuwa akihema. Kisha hatua zikashuka. Arafa aliziba mdomo kwa mtandio wake akalia. Pale sakafuni hakuwaza meli wala madini. Aliwaza mama yake tu, kwamba atapanda ngazi hizo akutane na mtu huyo.

Baada ya dakika chache hatua zikarudi, safari hii za watu wawili. Sauti nzito ikaita, "Arafa! Ni mimi, Anko Onyango wa chini. Fungua mlango. Mama yako ako hapa na sauti imemwisha kabisa!"

Hoteli ilikuwa imewaruhusu wafanyakazi kuondoka mapema kwa sababu ya vumbi, na aliyegonga mara ya kwanza alikuwa mama yake, hana sauti ya kujibu. Arafa alisukuma meza, akafungua, akamwangukia mama yake kifuani. Na hapo akasema yote, mchezo, Jirani na mtihani ule wa uongo, maneno yakichanganyika na kwikwi.

Bi Saada hakuweza kugomba hata angetaka. Alimketisha mwanawe, akanong'ona, "Mficha uchi hazai, Arafa. Ungeniambia siku ya kwanza."

Onyango alikuwa Mkenya, mkuu wa walinzi katika jengo moja kwenye kisiwa cha kifahari cha The Pearl. Alikuwa na tabia ya kazi iliyomfuata mpaka nyumbani. Mfukoni alibeba daftari dogo la matukio, kwa sababu walinzi huandika kila kinachopita mbele yao. Alilitoa, akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Ya huyo Jirani tuyaache kwanza," alisema. "Nisomee ile yako. Kila kitu umeandika huko tangu uanze."

"Yangu? Mimi sikumwandikia kitu, Anko. Wallahi, sikumjibu hata mara moja."

"Na hao wenzako wa mchezo?"

Arafa akafungua ukurasa mwingine. Alikuwa katika muungano wa wachezaji wanaozungumza Kiswahili, na ukurasa wao wa mazungumzo ulisomwa na yeyote. Akaanza kusoma, na Onyango akaandika.

Februari, wiki ya kwanza: Mimi naondoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi nane kasorobo, mnilindie sayari. Wiki ya pili: Hapa Doha dirisha langu liko juu ya duka la mikate, harufu inaniua! Wiki ya nne: Basi letu la shule bovu, limeharibika tena. Machi: Baba kasafiri wiki tatu, mama yuko kazini mpaka saa kumi, kompyuta yangu peke yangu!

Onyango akamgeuzia daftari. "Sasa soma kama wewe ni mwizi."

Arafa alisoma. Mistari minne tu, kwa mwandiko wa mtu mwingine, na ndani yake mlikuwa na saa zao, dirisha lao, safari ya baba na upweke wao. Hilo daftari lilimtisha kuliko ule mkono wa kitasa ulioshuka polepole.

"Na vumbi alilijuaje?" aliuliza.

"Vumbi ya Doha hata redio inatangaza. Na ile siku ulichelewa, aliona tu saa yenye uliingia kwa mchezo. Alisema yenye anajua, akakuacha uogope yenye hajui. Mimi kwa kazi, mlinzi akizunguka jengo saa ile ile kila siku, namwandikia onyo. Mwizi anamhesabu tu. Tena hatuambii mtu zamu inabadilika saa ngapi, hata kama ni rafiki."

Bi Saada alichukua kalamu. Kisha aliandika kwenye karatasi, maana sauti ilikuwa imemtoroka: *Mpigie baba yako umweleze mwenyewe.* Arafa alipiga, na ilikuwa simu ngumu. Halafu walifuta yote aliyoyaandika, wakahifadhi ujumbe wa Jirani na kuupeleka kwa wasimamizi wa mchezo. Kuanzia Jumapili, siku ambayo wiki ya shule huanza Doha, akitoka shule atakaa kwa Jennifer, mke wa Onyango, mpaka mama yake arudi. Kompyuta haikufungiwa kabatini, bali ilihamishiwa sebuleni, na atacheza mama yake akiwepo.

Jumamosi Arafa alikaa na Onyango wakaipanga upya Makunduchi. Aliyatumia madini yote kujenga makombora ya bei rahisi ya kulinda sayari, kwa kuwa ghala tupu halina cha kuporwa. Kabla ya kuzima kompyuta alizituma meli zake zote safari ndefu, za mwendo wa polepole, zirudi saa ambayo yeye mwenyewe atakuwepo. Na saa hiyo aliibadilisha kila siku, bila kumwambia mtu.

Jumapili jioni, mama yake akiwa pembeni, alifungua taarifa ya vita. Jirani alikuja asubuhi, saa ile ile aliyoizoea, akiwa na meli thelathini. Alikuta ghala tupu, hakuna meli hata moja, na makombora yanamngoja. Alipoteza meli kumi na tisa. Arafa alipiga kelele za furaha mpaka Jennifer akasikia chini.

Kisha akaona ujumbe mpya. Ulikuwa na maneno mawili: "Uko wapi?"

Furaha ikakatika. Huenda alikuwa mtoto mwenzake anayependa kutisha watu, huenda hakuwa mtoto hata kidogo. Hawakujua siku ile, na hawakujua hata wasimamizi walipomfungia asicheze tena wiki iliyofuata. Kidole cha Arafa, kwa mazoea tu, kilikuwa kimeshagusa herufi ya kwanza ya jibu. Akakitoa, akamtazama mama yake.

Bi Saada, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kurudi, alimshika bega. "Mdomo uliponza kichwa, mwanangu. Umejenga makombora, vizuri. Lakini adui alipita kwenye maneno yako, na uongo wako ukamwachia mlango wazi, mimi niko humu humu ndani na sijui. Siku nyingine ukiogopa, niambie mimi kwanza. Sitakuacha peke yako."

"Ndiyo, mama."

Arafa alifuta herufi ile moja, akazima kompyuta, akaenda kuosha sahani.