Mlete Mwanangu

Kila akitoka shule, Kidomo alichemsha chupa za mdogo wake, kisha akasoma ratiba ya kumnywesha maziwa, aliyoiandika mwenyewe na kuibandika ukutani: saa nne jirani, saa saba shangazi, saa kumi shangazi tena. Jina la Kidomo alipewa na huyo shangazi yake, na alilistahili, maana neno halikuwahi kumpita bila jibu.

Mama yake, fundi cherehani, alitumia dawa ambazo daktari alisema haziendi pamoja na kunyonyesha. Kichanga cha wiki tatu kilikunywa maziwa ya kopo na kunenepa vizuri tu. Aliyekonda ni mama. Alijifungia chumbani siku nzima.

"Hanijui hata sauti," alimwambia Kidomo siku moja. "Nikimbeba analia. Akienda kwa shangazi yako, kimya. Asiponyonya, atanijuaje?"

Kidomo alirudi kwenye ratiba yake. Jirani yumo, shangazi yumo, mama hayumo! Aliona aibu, kisha akapandwa na hasira. Aliibandua ratiba, akamchukua mtoto na chupa yake, akaelekea chumbani.

"Mlete hapa, saa kumi imefika," shangazi aliita.

"Nisamehe, Shangazi, lakini sileti. Leo anakunywa kwa mama yake."

"Unasemaje wewe? Mama yako anahitaji kupumzika! Akishika chupa atakumbuka kwamba hanyonyeshi, aanze kulia."

"Basi alie akiwa amempakata!"

"Hodi!" Alikuwa muuguzi wa zahanati, aliyekuja kila wiki kumpima mtoto uzito. Alikuwa amesikia yote mlangoni. "Adabu tutamfundisha kesho, dada. Leo anasema kweli. Mama akimlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akamtazama na kumsemesha, mwili wake hutoa homoni inayomtuliza na kumvuta kwa mwanawe. Kunyonyesha huitoa, lakini hata kumpakata huitoa. Mkimpokonya mtoto kila saa, ataipata wapi?"

Kidomo aliingia chumbani, akampa mama mtoto. Mama alifungua vifungo vya blauzi, akamlaza mtoto kifuani. Mtoto akalia kwelikweli. Shangazi alinyoosha mikono, Kidomo akasimama katikati.

"Mwache, Shangazi."

Mtoto alilia siku hiyo, akalia na kesho yake. Siku ya tatu alilia kidogo. Wiki ilipokwisha, shangazi alikuwa amempakata sebuleni mara mama akaongea chumbani. Mtoto aligeuza shingo, akaanza kutapatapa. Shangazi alimbembeleza, akamwimbia, wapi!

"Haya, nimeshindwa," alimwambia Kidomo. "Nilidhani nampumzisha mama yako, kumbe namnyang'anya. Ukitaka kumsaidia mama, mfulie, mpikie, mtekee maji. Mtoto mwachie mwenyewe."

Mlango wa chumbani ulifunguliwa. Mama alisimama hapo, nywele timutimu, mikono ameinyoosha.

"Mlete mwanangu," alisema. "Hamsikii ananiita?"